Kofia Niliyoiacha Juu ya Makayabu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nawaambia hivyo mapema, vijana, ili mjue mnasoma maneno ya mtu gani. Nimezaliwa Lubumbashi, shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu na mimi hatukupatana juu ya nani anajua zaidi. Na leo hapa Brussels, ukishuka treni Gare du Midi, ukapanda kuelekea Saint-Gilles, muulize Mkongo yeyote, "Makayabu mazuri yako wapi?" Atakuonyesha duka langu. Hata wasiokula watakuonyesha, maana harufu inawafikia. Duka hilo sikupewa na baba, sikupewa na benki. Nililijenga kwa mikono hii miwili na mdomo huu mmoja.

Sasa mgongo umekataa. Daktari amesema magunia basi, na duka nimemwachia binti yangu Grace. Bon. Nakaa nyumbani, na nyinyi mnakuja: "Tonton, biashara ya makayabu inaanzaje?" Mnataka jibu la kusoma kwenye simu mkiwa ndani ya tram. Jibu hilo sina. Kaeni chini.

Makayabu ni samaki wa bahari ya baridi, amepasuliwa, ametiwa chumvi, amekaushwa mpaka amekuwa kama ubao. Ukienda kununua, mshike mkia, umnyanyue. Akilala mkononi kama kitambaa, mrudishe, utakuwa umelipia maji. Akisimama, bonyeza pale penye nyama nene karibu na mgongo, kidole kisizame. Tazama rangi. Weupe sawa, unjano kidogo sawa, lakini ukiona wekundu kama shavu la mtoto wa Kizungu siku ya baridi, huyo ameanza kuharibika, hata wakikwambia ni mwanga wa taa. Halafu nusa. Usione haya kunusa mbele ya muuzaji, anayekasirika ana sababu yake. Na nyumbani lowesha kwa maji baridi, ngozi juu nyama chini, chumvi ipate njia ya kutoka, na maji ubadilishe tena na tena. Mwenye haraka anatia maji ya moto. Huyo atatafuna mpira na kusema duka langu ni baya.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuanguka. Mzigo wangu wa kwanza niliuweka chini ya kitanda, ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho radiateur yake, ile mashine ya joto, ilikuwa haizimiki. Baada ya siku chache jirani wa juu akaita polisi, akasema kuna maiti ndani ya nyumba. Polisi wakaja wameziba pua, wakaniuliza niko peke yangu au vipi. Alors mzee mmoja Mreno wa chini akatoka na pyjama, akanusa ngazi nzima kama mbwa wa kuwinda, akawaambia polisi, "Nyinyi nendeni. Hiki ni chakula." Akapanda na sahani mkononi. Ndiye mteja wangu wa kwanza Brussels. Tangu siku hiyo mzigo wangu unakaa kwenye baridi, mimi ndiye ninayekaa kwenye joto.

Lakini kununua sikujifunzia Ulaya. Kununua nilifundishwa na Maman Véro, muuza samaki wa soko la mtaa wa Kenya, kule kule Lubumbashi, mwanamke aliyeweza kununua kitu kutoka kwa mtu asiyeuza. Nilimbebea mabeseni nikiwa mdogo, akanilipa kwa kunifundisha.

"Sikiya, mutoto," alikuwa akisema. "Akikuambia bei, ucheke. Akikuambia tena, ukasirike. Akikuambia mara ya tatu, uende zako. Lakini kofia yako uache hapo juu ya bintu. Akikuita, unarudi kama mfalme. Asipokuita, unarudi kuchukua kofia, na mazungumuzo inaanza upya."

Kwa kofia hiyo nimenunua kila kitu maishani. Gari langu la kwanza nilinunua kwa kofia. Friji ya duka, kofia. Hata mahari ya Bea, mke wangu, nilitoka nje kwa baba yake nikaacha kofia juu ya kiti, na mzee akaniita kabla sijafika getini. Bea anasema baba yake aliniita ili anirudishie kofia. Tumebishana miaka yote ya ndoa na sitakubali.

Donc sasa mtaelewa nilienda kisiwani na silaha gani.

Mwaka ule muuzaji wangu wa jumla wa Antwerp aliniuzia kilo kwa douze, euro kumi na mbili, na nilinyamaza kwa sababu mzigo ulikuwa unafika. Kwaresima ilipoanza, akanipigia simu. Mzigo wote umechukuliwa na duka kubwa, mimi nisubiri baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka! Ni kama kumwambia muuza maua asubiri baada ya harusi. Wamama wa chorale, kwaya ya kanisa kule Koekelberg, wanachukua kwangu kila Ijumaa Kuu. Na wamama nawajua. Mwaka mmoja wakikosa kwako wanajifunza njia ya duka lingine, na njia hiyo haina kurudi. Ningekuwa nimekwisha.

"Sasa?" Bea akaniuliza.

"Sasa nakwenda kwenye mzizi."

Kwenye makatoni ya Antwerp palikuwa pameandikwa jina la kisiwa. Sikuweza kulitamka, lakini simu iliweza. Ndege mbili, basi moja, na kivuko. Bea alinifungia chapati na maneno: "Ukifika, ununue, urudi. Usianze teatre yako." Nikamwambia bei ya kwanza hailipwi. Siku nikikutana na Maman Véro mbinguni nitamwambia nini?

Kisiwa chenyewe kiko kaskazini huko, ambako mwezi wa tatu bado theluji imelala. Kimejaa msitu, misonobari imeteremka mpaka inakanyaga maji. Kivuko kinakutupa upande mmoja, unapita barabara moja ndani ya miti, na upande wa pili unakuta mji. Nasema mji kwa heshima. Nyumba za mbao, nyekundu na njano, kanisa moja, duka moja, boti za kuvulia. Nilipita na valizi yangu na koti langu la sherehe, na hakuna mtu aliyegeuka. Hakuna aliyenisalimia, hakuna aliyenikataza. Mimi mtu mnene, mweusi, nimevaa kofia ya ngozi ya chui, ya bandia lakini nzuri, na mzee mmoja anayetengeneza nyavu akanipita kwa macho kama mimi ni nguzo ya umeme. Sikushangaa.

Nyumba ya makayabu ilikuwa mwisho wa mji, na mwenyewe anaitwa Ingrid, bibi mwembamba mwenye sweta ya mwanaume. Alinionyesha kwa mikono jinsi bibi yake alivyokuwa akitandaza samaki juu ya mawe, na mvua ikinyesha kijiji kizima kinakimbia kuwafunika. Siku hizi wanakauka ndani, kwenye vyumba vya mashine za upepo. Nikashika mkia wa mmoja. Akasimama. Nikabonyeza. Nikanusa. Vijana, nilitaka kulia. Kumbe Antwerp tulikuwa tunapewa mabaki.

Mle ndani alikuwamo mfanyakazi mmoja anapanga samaki, mwili wote nailoni nyeupe, kofia ya nywele, barakoa, glavu. Alitupa mgongo, akaendelea na kazi yake. Sikumjali.

Kiingereza cha Ingrid kilikuwa kizuri, changu kilikuwa kidogo, basi tukaongea kwa kalkuleta. Akaandika tisa. Euro tisa kilo moja. Nikacheka, kama nilivyofundishwa, nikafuta, nikaandika sita. Akatazama, akafuta, akaandika tisa. Nikakasirika, nikapiga kifua, nikaandika sita na nusu. Akaandika tisa. Nilidhani mashine imekwama.

Nikachukua simu, nikampigia Bea pale pale mbele yao. Kwa nini nisimpigie? Ni nani duniani atasikia Kiswahili cha Katanga kwenye kisiwa cha misonobari?

"Bea? Niko hapa. Makayabu iko muzuri, muntu anaweza kulia. Huyu mzee anasema neuf, tisa. Ndiyo, neuf! Hapana, sitalipa neuf, niko muntu wa soko. Nitamuminya. Hata akikaza sana, mi naweza kufika dix, kumi nzima, tunapata tu faida. Lakini yeye hajui!"

"Juu ya nini umuminye kama unaweza kufika dix?" Bea akapiga kelele. "Lipa urudi!"

"Bea, uniachie kazi. Hapa kuko wanamuke wawili tu. Huyu mzee amekauka kuliko makayabu yake, na mwingine amejifunika kama muntu wa hospitali. Hawajui kitu."

Nikakata simu. Nikaandika saba. Ingrid akaandika tisa. Bon. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa, nikavua kofia ya chui nikaiweka juu ya rundo la samaki, taratibu, kama vile mawazo yangu yako mbali. Nikachukua valizi nikatoka.

Kuna namna ya kutembea hapo. Usikimbie. Mgongo uwe na huzuni, sikio liwe nyuma. Nikapita mlango, sikio nyuma. Nikapita boti, sikio nyuma. Nikapita kanisa. Nilisikia ndege wa baharini, nikasikia mashine ya mtu inakata mbao. Jina langu sikulisikia.

Ningegeuka kuifuata kofia, ndivyo somo linavyosema. Lakini yule mzee wa nyavu sasa alikuwa ameinua kichwa ananitazama, mara ya kwanza siku nzima, na sikuweza kurudi mbele ya macho yake. Basi nikaendelea kwa heshima. Heshima hiyo ikanipeleka mpaka ndani ya msitu.

Hamjawahi kusikia kimya kama kile. Kwetu Brussels, pale uwanja wa Flagey, hata siku ya mvua kuna kelele. Hapa ni miti tu imebeba theluji, na mimi kichwa wazi na upara wangu, masikio yanawaka kwanza halafu hayawaki tena, ambayo ni mbaya zaidi. Nikajisemea, sirudi Brussels mikono mitupu. Nitalala kwenye kivuko, kesho nitarudi, nitachukua kofia, tutaanza upya. Nikawaona wamama wa chorale wanapanga foleni kwenye duka la mtu mwingine. Nikakaza mwendo, ingawa nilikuwa nakwenda upande usiofaa.

Ndipo nikasikia kitu nyuma. Srrr, srrr. Moyo wangu ukaruka. Wameniita! Maman Véro, umeshinda hata huku!

Alikuwa yule wa nailoni nyeupe. Alisimama juu ya chombo chao cha theluji, kiti kimefungwa juu ya vyuma viwili virefu, wewe unasimama nyuma na kusukuma kwa mguu mmoja. Juu ya kiti, imekaa kama abiria, ilikuwepo kofia yangu. Nikainua kidevu, nikamwambia kwa Kiingereza changu, polepole ili anipate: "You tell madame, seven."

Akashusha barakoa. Uso mweusi, mpana, kilemba cha buluu chini ya ile kofia ya nywele.

"Papa, bei ni neuf," akasema. "Na wewe ulimwambia bibi yako utafika dix."

Kwa Kiswahili. Kisafi, cha Bujumbura. Hapo, vijana, sikushangaa. Nilikaa tu chini kwenye theluji kidogo kupumzisha mgongo.

"We ni nani?"

"Zainabu. Mtoto wa Buyenzi. Nilikimbia vita, nikapangiwa huku, nikabaki." Akanipa kofia. "Vaa. Na barakoa ni ya kazi, kwa sababu ya vumbi la chumvi. Mimi si muntu wa hospitali."

"Maman, ile ilikuwa tu maneno ya simu."

"Nimeyasikia. Na ya mzee aliyekauka nimeyasikia. Nilikuwa nacheka mpaka samaki wakanidondoka."

Nikavaa kofia. Masikio yakaanza kuniuma, ambayo ilikuwa habari njema. "Ingrid amesema nini nilipotoka?"

"Amesema, yule bwana amesahau kofia, ataumwa masikio, mpelekee."

"Basi?"

"Basi."

"Hakusema tunaweza kuongea?"

"Muongee nini? Amekwambia neuf, wewe ukasema hapana. Hapa mtu akisema hapana, wanaamini kabisa amesema hapana. Huku unaweza kutembea hivyo mpaka baharini, papa, hakuna atakayekuita. Wataona ni haki yako." Akajipangusa pua. "Kuna Mreno amepiga simu asubuhi anautaka mzigo huo huo. Ingrid anampa jibu leo. Nimemwomba asubiri nirudi."

Wareno! Wanajua kitu kizuri, nilishawaambia.

"Umemwambia habari ya dix?"

"Bado."

Hiyo "bado" nimeibeba mpaka leo. Muntu wa soko anaijua sauti ya muntu wa soko. Nilisimama, nikajipangusa theluji, na kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege nikajisikia niko nyumbani.

"Unataka kiasi gani?"

"Pesa sitaki, Ingrid ananilipa vizuri. Nataka ndagala."

Ndagala, kwa mlioanza kula chakula chenu kwenye friji ya Ulaya, ni wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, wanakaushwa wazima na vichwa vyao.

"Ndagala?" Nikacheka. "Umezungukwa na samaki pande zote!"

"Hawa?" Akatazama bahari kupitia miti kama mtu anayetazama shamba la jirani mvivu. "Mwezi wetu unakaribia, papa. Nyinyi mna Kwaresima yenu na makayabu yenu, mmevuka dunia kuyatafuta. Na mimi nataka kufuturu kwa kitu cha kwetu. Watoto wangu wamezaliwa hapa. Nikiwaambia ndagala wanafikiri ni vijiti. Kilo tano, na mawese ya kweli, na unga wa muhogo. Ufike kabla mwezi haujaandama."

Nilicheka, kama nilivyofundishwa. "Kilo moja."

"Tano."

Nilikasirika. "Moja na nusu! Mawese utapata kichupa. Unajua posta ya huku inakula kiasi gani?"

"Tano, na mawese lita mbili. Ulikuwa na euro moja ya ziada kwenye kila kilo, ulimwambia mwenyewe bibi yako."

"Maman, mbili, na nakuheshimu kwa sababu wewe ni Mwislamu na mwezi ni mtukufu."

Akanitazama. Akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Akavua glavu yake moja, akaiweka juu ya kisiki, taratibu, kama vile mawazo yake yako mbali. Akageuza kile kiti cha theluji, akaanza kusukuma kurudi mjini. Hakukimbia. Mgongo wake ulikuwa na huzuni.

Nilijua. Vijana, nataka mwandike hapo kwamba nilijua kabisa. Niliiona glavu, nilijua kwa nini imekaa pale, nilijua kwamba nikinyamaza atarudi kuichukua na tutaanza upya. Niliisubiri ile srrr, srrr isimame. Haikusimama. Ikapita msonobari mmoja, ikapita mwingine. Na nyuma yangu, upande wa bahari, kivuko kikapiga honi.

"Maman!" nikaita. "Maman Zainabu! Rudi!"

Msitu mzima ulisikia. Theluji ikadondoka kwenye tawi.

Akarudi polepole, kama malkia. "Umeniita?"

"Nimekuita."

"Mimi nilikuwa nimesahau glavu tu."

Wakati wa kurudi miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, basi aliniweka kwenye kiti, valizi mapajani, na akanisukuma mpaka mjini. Nilipita mbele ya yule mzee wa nyavu nimekaa hivyo. Safari hii aliinua mkono, akanisalimia. Ingrid alikuwa mlangoni. Hakuuliza kitu, hakucheka, alinipa tu kalkuleta, na juu yake ile tisa ilikuwa bado imeandikwa, hakuwa ameifuta. Nikaandika idadi ya makatoni. Tukapeana mikono, na mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wangu. Kumbe kazi nzima ilikuwa imekwisha tangu nilipoingia mara ya kwanza.

Ijumaa Kuu ile wamama wa Koekelberg walikula makayabu ambayo Brussels ilikuwa haijayaona. Yule muuzaji wa Antwerp akanipigia kuniuliza nimeyatoa wapi, nikamwambia asubiri baada ya Pasaka. Mpaka leo Grace anachukua kwa Ingrid. Anatumiwa bei, anajibu sawa, dakika mbili. Hakuna kofia. Nikimwangalia nasikitika kidogo, lakini mzigo unafika.

Na kabla mwezi haujaandama, nilibeba sanduku mimi mwenyewe mpaka posta ya Saint-Gilles. Kijana wa dirishani akalinusa, akarudi nyuma, akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia ni chakula, kama yule Mreno wangu alivyosema. Wiki iliyofuata Zainabu akatuma picha. Meza, watoto watatu wa nywele fupi, sahani ya ndagala, na mwisho wa meza Ingrid, na sweta yake ya mwanaume, ameshika ndagala mmoja kwa mkia, anamnusa.

Bea aliiangalia picha hiyo muda mrefu. Halafu akanirudishia simu.

"Bon, papa wa soko. Makayabu ulipata kwa bei ile ile aliyokuambia mara ya kwanza. Donc hiyo kofia imetugharimu kiasi gani?"

Mimi si mtu wa kuficha. Ndagala kilo tano, mawese lita mbili, unga, sanduku na posta: euro mia moja themanini na saba na senti arobaini.